Kiatu cha Kuume cha Dereva Evariste

Vijana wa dispensari waliponiaga nikistaafu mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Kisha wakaniomba niandike niliyoyaona kazini. Nitaandika, ila vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyeo vilichelewa na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika zaidi juu ya mtu mmoja, dereva, aliyegonga pipa kwa mwendo wa kobe na kutoka ndani ya gari akicheka. Kila mara ninyi mkimwambia mtu wa ajali ndogo "nenda nyumbani, huna kitu", mimi namwona yeye.

Nilizaliwa Kambove. Baba alikuwa mtu wa reli, mzaliwa wa kaskazini ya Katanga, Mkatoliki wa kuamka misa ya alfajiri, na alitaka niwe padri. Nikawa muuguzi, akasema basi, angalau nguo ni nyeupe. Nilipomaliza masomo nilipata kazi Lubumbashi, ambayo kwenye karatasi ilikuwa bado Elisabethville, katika dispensari ya kampuni moja ya kusafirisha saruji na mbao. Dispensari yenyewe ilikuwa vyumba viwili na veranda, na dirisha lake lilitazama uwanja wa magari.

Mkubwa wangu alikuwa Sista Godelieva, Mbelgiji mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza nilikuja na viatu vipya na cheti changu ndani ya bahasha. Cheti hakukitazama. Alinipa ndoo ya chupa chafu, nikaosha chupa mpaka saa sita. Saa sita akaniita dirishani, akanionyesha mfanyakazi mmoja aliyekuwa akivuka uwanja kuja kwetu.

"Anaumwa nini?" akaniuliza.

"Sijui, Sista. Hajafika."

"Akishafika mbele ya meza atakuonyesha anachotaka ukione. Mtazame sasa, angali uwanjani, hajui kama unamwona. Anza na miguu. Mdomo utasema baadaye."

Mtu yule alikuja kulalamika tumbo. Alikuwa na mwiba wa siku tatu kwenye kisigino na aliona haya kusema. Kwa muda mrefu nilifikiri Sista ni mchawi. Baadaye nilielewa kuwa anatazama tu, jambo ambalo sisi wengine tunalisahau tukishapata cheti.

Mwaka wa uhuru wa Kongo Wazungu wengi waliondoka kwa vishindo, na Sista naye akaitwa na wakubwa wake. Aliondoka kwa treni ya kusini na sanduku moja. Mimi aliniachia funguo, tochi ndogo ya kutazamia macho ya wagonjwa, nyundo ya mpira ya kugongea magoti, na muhuri ulioandikwa neno moja la Kifaransa, APTE, yaani mtu huyu yuko tayari kwa kazi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Muhuri ule ulinipendeza kupita kiasi. Hapakuwa na dereva aliyeweza kurudi kwenye usukani baada ya ajali, hata ajali ya kukwaruza ukuta, bila mimi kuugonga kwenye karatasi yake, na watu wazima waliniamkia kwa adabu kwa sababu ya kipande kile cha mpira.

Halafu mkoa wetu wa Katanga ukajitenga na Kongo. Nchi mpya, bendera mpya, stempu mpya za barua, na mapipa njiani. Mapipa ndiyo ninayoyakumbuka zaidi. Yalikuwa mapipa ya mafuta yaliyojazwa mchanga, yakapangwa barabarani ili gari lipite kwa kujipinda, na pembeni askari wakiuliza jina lako na kwenu wapi. Kwa watu wa Kasai, mkoa wa jirani, maswali hayo mawili yalikuwa mabaya sana. Walikuwa mjini miaka mingi, makarani, walimu, wachuuzi, mafundi, watoto wao wamezaliwa hapa, na ghafla wakawa wageni wasiotakiwa. Wengi walikimbilia kambi ya wakimbizi pembeni mwa mji. Waliobaki majumbani walijifunza kupita kimya. Tshiluba, lugha yao, ilibaki ndani ya nyumba, dirisha likiwa limefungwa, na barabarani mtu wa Kasai alisema maneno machache kadiri alivyoweza, au hakusema kabisa.

Evariste Tshibangu alikuwa mmoja wa waliobaki. Alikuwa dereva wetu wa kamyoneti, lori dogo la mizigo, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mwenye kupenda viatu vyake kuliko madereva wote. Kila asubuhi alivipiga rangi kabla ya kupanda gari. Kabla ya mambo yale kuanza alikuwa msemaji mkubwa, mtu wa kusimulia safari ya kwenda Mokambo, mpakani tu, kana kwamba amekwenda Ulaya. Sasa alikuwa anaendesha, anashusha mzigo, anarudi.

Asubuhi moja, mvua zikiwa zimeanza, alifika kwenye mapipa, akashika breki, gari likateleza kwenye tope na kugonga pipa. Mwendo ulikuwa mdogo mno, askari walicheka. Bampa ilipinda kidogo, na kichwa chake kiligonga nguzo ya mlango wa upande wake, upande wa kushoto. Alikuja kwangu kwa miguu, nami nilimtazama kutoka dirishani kama nilivyofundishwa. Alitembea vizuri kabisa. Hilo naliandika ili mjue kwamba siku ile hata Sista angemwona mzima.

"Munganga, mi niko muzima," alisema kabla sijamkaribisha kiti, munganga akimaanisha mimi mwenye koti jeupe. "Piga kachet, ile muhuri, niende."

"Ikala kwanza, baba. Kichwa inaluma?"

"Kiloko, kidogo tu. Sikia, munganga. Bale ba ku baraje, pa mapipa, baliandika numero ya motokari. Nikilala hapa, batasema niko na kintu naficha. Na mu kitabu yako, andika tu Evariste. Ile jina ingine, acha."

Nilimkuta na nundu juu ya sikio la kushoto, ndogo kama yai la njiwa. Macho yote mawili yalikuwa sawa, magoti yaliruka sawa. Alijua siku, alijua mahali, alijua jina la mkewe. Nikaandika kitabuni: Evariste, dereva, nundu kichwani. Nikampa aspirini za siku tatu. Ninyi mnajua leo kwamba aspirini inazuia damu kuganda, na mtu aliyegongwa kichwa hapewi. Mimi nilimpa kwa moyo mkunjufu. Kisha nikagonga muhuri, na ninakiri hapa kwamba niliugonga kwa nguvu, kwa raha, na sikumwambia neno moja juu ya siku zinazofuata.

Nilipaswa kumwambia hivi. Shingo inaweza kukaza kesho yake au keshokutwa, wakati mtu amekwisha kusahau ajali. Tumbo lililobanwa na usukani linaweza kunyamaza siku kadhaa na kuvuja ndani pole pole. Nilimwona utingo mmoja miaka ya baadaye, alianguka sokoni siku ya tano akinunua samaki. Kichwa ndicho chenye subira kuliko vyote. Mshipa mdogo unachanika chini ya fuvu, damu inatoka tone kwa tone, na kwa mtu aliyekula chumvi nyingi ina nafasi ya kujikusanya wiki mbili, wiki tatu, hata zaidi, bila kelele. Haya yote yalikuwa kwenye daftari langu la masomo, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Wiki ya pili mkewe alikuja. Mama Ngalula alikuwa mwanamke mnene, mpole, mshonaji wa nguo za ubatizo. Alikaa kwenye benchi la veranda mpaka wagonjwa wote wakaisha ndipo akaingia, akafunga mlango.

"Munganga, bwana yangu hasemi tena."

"Hasemi namna gani, mama?"

"Anatoka ku kazi, anaikala, anaangalia ukuta. Namuuliza kintu, ananiangalia. Zamani nilikuwa nachoka na maneno yake. Sasa nyumba iko kimya, naogopa."

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo sababu ya kuandika yote haya. Halikuwa kosa la kutojua. Lilikuwa kosa la mtu aliyeishi mji ule mwaka ule. Nilimtazama mama yule wa Kasai, nikafikiri ninaelewa. Nani wa kwao aliyekuwa akisema siku zile? Nusu ya wagonjwa wangu walikuwa wamenyamaza. Kunyamaza kulikuwa desturi ya mji mzima, kama vile watu wanavyovaa makoti wakati wa baridi, na mimi sikuona kitu cha kupimwa.

"Mama," nilimwambia, na nilishusha sauti nikijiona mwenye huruma, "muache anyamaze. Unajua vile mambo iko. Mutu wa Kasai akisema sana mu njia, anapata shida. Bwana yako iko na akili."

Alinitazama kidogo. Alikuwa na neno jingine, niliona, lakini alikuwa mwanamke wa adabu na mimi nilikuwa na koti jeupe. Akasema aksanti, akaenda. Neno lile alilolimeza lilinisumbua, na baadaye nilimuuliza. Alitaka kusema kwamba hata ndani, dirisha likiwa limefungwa, hata kwa Tshiluba, alikuwa hasemi.

Karani wa gereji naye alinidokeza jambo. Alisema Evariste, akitoka Mokambo na mbao, alipitiliza lango la kampuni na kukutwa amesimamisha gari mbali, kwenye njia ya Kasungami, akiwa amekaa tu. Karani aliliona la kuchekesha. Nami nilisema labda amekwepa mapipa.

Wiki ya tatu Mama Ngalula alipita tena, lakini safari hii hakuja kwangu. Fundi viatu alikuwa anakaa chini ya paa la veranda yetu, na mama alimletea viatu vya mumewe. Mimi nilikuwa mlangoni nikipunga upepo. Nilimsikia fundi akilalamika.

"Mama, ile ngozi iko muzuri. Kiatu haikosi kintu. Ni mutu njo anaiharibu."

"Aiharibu namna gani? Anaipiga rangi kila siku! Ya kushoto iko kama mupya. Ya kuume njo inatoboka ku mbele, ni mara ya pili."

Nikatoka, nikakichukua kiatu cha kuume mkononi mwa fundi. Ncha yake ilikuwa imesagika mpaka uzi unaonekana, kwa namna ya kiatu kinachoburutwa. Cha kushoto kilikuwa kinang'aa. Nilisimama pale na viatu viwili, na nikamsikia Sista akisema nianze na miguu. Mguu wa kuume unaburuta. Maneno yamepotea. Na nundu ilikuwa kushoto, na upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoshika mkono na mguu wa kuume, na kwa watu wengi ndio unaoshika maneno.  Sikuwa nimeogopa vile hata siku mabomu ya vita yalipoanguka karibu na kanisa.

"Mama, bwana yako iko wapi?"

"Leo hakuamuka. Iko analala tu. Nilisema anachoka."

Tulikwenda na kamyoneti ileile, bampa yake bado imepinda, karani akiendesha. Nyumbani kwake katika mtaa wa mjini uitwao Kenya nilimkuta kitandani, saa tano ya mchana, amevaa shati lake la kazi vifungo vimepishana. Nilimwita, akafungua macho, akatafuta neno, hakulipata. Nilimwomba anibane vidole; mkono wa kuume ulikuwa mlegevu. Nikatoa tochi ya Sista. Betri zilikuwa zimekaribia kufa, maana siku zile betri zilipatikana kwa bahati, lakini mwanga ule mdogo ulitosha. Mboni ya jicho la kushoto ilikuwa pana na haikusinyaa. Ya kuume ilisinyaa kama kawaida.

Tulimlaza nyuma ya gari, kichwa juu ya mapaja ya mkewe, na kati yetu na hospitali kulikuwa na mapipa yaleyale.

Askari aliyekuja alikuwa kijana wa rika langu. Aliniuliza mimi jina, nikajibu. Akamuuliza karani, akajibu. Kisha akazunguka nyuma.

"Weye unalala, jina yako nani?"

Evariste alimtazama.

"Jina! Kwenu wapi?"

"Chef, ni mugonjwa," nilisema. "Iko na damu ndani ya kichwa. Hawezi kusema."

"Uongo. Huyu ni mutu ya Kasai, anaogopa kufungula kinywa. Mushushe."

Mama Ngalula hakusema kitu. Alijua kwamba lafudhi yake ya Kasai ingetuponza. Alikuwa amekishika kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, na machozi yake yalikuwa yanamdondokea mumewe kwenye paji. Nami nikatambua, kwa aibu ninayoihisi mpaka leo, kwamba askari yule alikuwa anafikiri kama mimi. Tulikuwa na uchunguzi mmoja, yeye na mimi, tofauti ni koti tu.

"Chef," nilimwambia, "panda, uangalie macho yake weye mwenyewe. Kama ni sawasawa, tunamushusha."

Alipanda. Niliziinua kope kwa vidole vyangu. Katika jua lile la mchana jicho moja lilikuwa na kitone cheusi na lingine lilikuwa jeusi karibu lote. Askari alirudi nyuma akakaribia kuanguka kutoka kwenye gari.

"Aa! Moja iko mukubwa!" Akajifuta mikono kwenye suruali. "Munganga, ile bugonjwa inaambukizaka?"

"Inaambukizaka sana," nilisema.

"Pita! Pita mbio!"

Huo ulikuwa uongo wa pili wa kazi yangu, kama mnauhesabu ule muhuri kuwa wa kwanza. Huu wa pili siujutii.

Hospitalini alikuwa amebaki mpasuaji mmoja, Mzungu aliyekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimwambia kila kitu, aspirini na muhuri pia. Hakunigombeza, hakuwa na wakati. Alinipa aproni nimshikie mgonjwa. Kifaa chake kilikuwa kekee ya mkono, ndugu wa ile ya maseremala, na alitoboa mashimo mawili upande wa kushoto wa fuvu. Shimo la kwanza lilipofunguka, kilichotoka hakikuwa damu kama mnavyoijua. Kilikuwa maji mazito meusi, kama oili chafu ya injini, na yalitoka kwa kuruka. Niliitazama mboni ya kushoto ikisinyaa taratibu. Mpasuaji akasema kwa Kifaransa kwamba tungechelewa saa chache tu tungemkosa, na akaenda kunawa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kando ya kitanda. Ilikuwa wodi ndefu, imejaa, na vitanda viwili vya karibu vilikuwa na askari wa Katanga, mmoja mguu umening'inizwa. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akisema zaidi ya lazima. Evariste alifungua macho, bandeji kichwani kama kilemba, akamwona mkewe, akasema. Alisema kwa Tshiluba, kwa sauti ile ya zamani ya mtu anayesimulia safari ya Mokambo, na alisema mengi. Nilielewa nusu. Alikuwa anauliza nani amechukua viatu vyake.

Wale askari wawili wakageuza vichwa. Na Mama Ngalula, aliyekuwa ameomba rozari wiki nzima apate kuisikia sauti ile, aliinuka akamziba mumewe mdomo kwa kiganja.

Sijapata kuona kitu kilichoniumiza kama kiganja kile. Kilikaa pale muda mfupi. Kisha yeye mwenyewe alikitazama, kana kwamba ni cha mtu mwingine, akakiondoa. Akawatazama wale askari wawili, mmoja baada ya mwingine. Akakaa kitandani na kumjibu mumewe kwa Tshiluba, bila kushusha sauti, kwamba viatu viko kwa fundi. Yule wa mguu alimtazama kitambo, halafu akageukia ukutani akajifunika shuka. Nililia, na muuguzi wa wodi akanituma nikachote maji ili nisilie mbele ya wagonjwa.

Tangu hapo sijamwachia mtu wa ajali aende bila kumpa siku ya kurudi, na tena siku nyingine, hata kama anacheka. Na simuulizi yeye peke yake. Aliyegongwa kichwa ni shahidi mbaya wa kichwa chake. Namuuliza anayekaa naye: analala vipi, anafunga vifungo vipi, anatembea vipi, anasema vipi kwako ndani, milango ikiwa imefungwa. Na akimeza neno, nangoja.

Miezi miwili baadaye Evariste alivuka uwanja wa magari kuja kuomba muhuri. Nilimtazama kutoka dirishani, miguu yote miwili ikipanda na kushuka sawa, viatu vinang'aa. Nilifungua kitabu, na mbele yake nikaandika jina lake zima, Evariste Tshibangu. Hakunizuia.

"Sasa piga kachet, munganga."

"Kachet iko hapa. Lakini weye sikuulizi. Kwanza niletee mama."

Alicheka, akamwita kutoka kwenye benchi. Mama Ngalula aliingia, na safari hii hakufunga mlango.

"Mama," nilimuuliza, "bwana yako iko namna gani?"

Alimtazama mumewe kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Anasema," alijibu. "Asubui anasema, mangaribi anasema, hata mu usingizi anasema. Piga kachet, munganga, arudie ku kazi, na mi nipumzike."